Maandishi Makubwa ya Boksi la Kamera

Anayetaka kununua kamera ndogo ya kidijitali hukutana kwanza na boksi, na maandishi makubwa kuliko yote kwenye boksi hilo aghalabu huwa ni idadi ya megapikseli, yaani mamilioni ya nukta (pikseli) zinazounda picha. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nami sijaona namba inayojitembeza kama hiyo. Picha ya sentimita 10 kwa 15, ikichapishwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, inahitaji megapikseli 2 na ushei, na hata ukurasa mzima wa A4 haufiki megapikseli 9. Anayeongeza fedha ili atoke megapikseli 16 afike 20 kwa kweli ananunua hewa.

Kinachostahili kuulizwa ni ukubwa wa kihisi, yaani kile kibapa kilicho nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga. Kamera nyingi za bei nafuu hutumia kihisi kinachoitwa cha inchi 1/2.3, chenye upana wa takriban milimita 6.2 na kimo cha milimita 4.6, eneo ambalo ukucha wa kidole cha mwisho unalifunika bila taabu. Kile kinachoitwa cha inchi 1 kina milimita 13.2 kwa 8.8, na eneo lake ni karibu mara nne ya hicho cha kwanza. (Majina haya yana hila ndani yake: hata ulalo wa kihisi cha inchi 1 haufiki inchi moja, kwa kuwa vipimo hivyo vilirithiwa kutoka kwenye mirija ya kioo ya kamera za televisheni za zamani, iliyopimwa kwa unene wake wa nje.) Pikseli milioni 20 zikibanwa katika kibapa kidogo, kila moja huambulia mwanga haba, giza likianza kuingia, kamera hulazimika kuikuza ishara hiyo dhaifu, na ndipo picha inapojaa chembechembe. Mwaka 2012 Sony RX100 ilionyesha kwamba kihisi cha inchi 1 kinaweza kukaa ndani ya kamera ya mfukoni, na tangu hapo sioni sababu ya mpenda picha za ndani ya nyumba kuridhika na kidogo zaidi.

Jambo la pili ni lenzi, na hili nililijifunza kwa hasara. Kamera yangu ya kwanza ilikuwa na zumu ya mara 30, nami niliivimbia kichwa. Jioni moja nilimwona bibi yangu amekaa karibu na dirisha akitunga uzi kwenye sindano. Sikutaka kumshtua, hivyo nikabaki upande wa pili wa chumba, nikavuta zumu hadi mwisho na kubonyeza. Kwenye skrini ya nyuma picha ilionekana safi. Nilipoifungua kwenye kompyuta, mgongo wa kiti ulikuwa umetulia vizuri, lakini vidole vya bibi vilikuwa ukungu, sindano haikuwapo kabisa, na mikunjo ya uso wake ilikuwa imesawazishwa kama nta. Kidhibiti mtikisiko kilikuwa kimetuliza mkono wangu, ila hakina uwezo wa kutuliza mkono wa anayepigwa picha. Lenzi ile ilianza na f/3.3 na kuishia f/6.4 (namba za uwazi wa lenzi: zikiwa kubwa, mwanga hupungua), maana yake ni kwamba zumu ilipofika mwisho iliruhusu robo tu, na ushei kidogo, ya mwanga iliouruhusu mwanzoni. Shata, yaani kilango cha kupitisha mwanga, ikabaki wazi kwa muda mrefu, na vidole havikusubiri.

Kwa hiyo soma namba zilizoandikwa kwa herufi ndogo kwenye mdomo wa lenzi kabla ya kusoma boksi. Ya kwanza ikiwa 1.8 au 2, na ya mwisho isipite 4 sana, lenzi hiyo itakufaa baada ya jua kuzama. Zumu ya kidijitali haina la kujadiliwa: ni kukata picha tu, kazi ambayo unaweza kuifanya mwenyewe baadaye.

Simu nayo haiwezi kukwepwa katika mazungumzo haya. Mwaka 2010 kamera ndogo zaidi ya milioni 100 zilisafirishwa kutoka viwandani. Kisha simu zikaja kuteka soko hilo, na zilikuwa na haki ya kuliteka. Leo kamera yenye kihisi cha inchi 1/2.3 inaishinda simu nzuri kwa jambo moja tu, yaani kuvuta vitu vya mbali mchana kweupe. Anayefuata ndege na wanyama ana sababu ya kuinunua. Wengine watafute kihisi kikubwa, hata kama ni lazima waiache zumu kabisa, kama ilivyo kwenye Ricoh GR III ya 2019, ambayo ina lenzi moja isiyovuta na kihisi kikubwa zaidi hata ya hicho cha inchi 1. Vijana wanaosaka kamera kuukuu kwa ajili ya rangi zake wana hesabu yao nyingine, wala siwalaumu.

Yanayobaki hujulikana mkononi. Iwashe, uhesabu kimoyomoyo mpaka iwe tayari kupiga. Itoe nje kwenye jua uone kama skrini bado inasomeka, kwa maana kamera nyingi za aina hii hazina kitundu cha kuchungulia. Kisha izime, uitie katika mfuko wa suruali uliyoivaa siku hiyo, na uketi.