Kabla ya kulaumu kwapa, nusa shati
Mwezi wa pili, Dar es Salaam, saa kumi na moja jioni, daladala imejaa hadi mlangoni. Walioketi wana nafuu. Sisi tuliosimama tumeshika bomba la juu, makwapa wazi, na mfupi ndiye anayekiona cha moto. Akinuka mmoja, wanajishuku ishirini.

Mimi nilikuwa najishuku, na kumbe sikukosea. Aliyeniambia ni shangazi yangu, nilipokwenda kumsalimia Tanga. Shikamoo haijapoa, akanivuta pembeni: "Baba, shati lako limechacha. Livue." Nikabisha. Nililifua jana yake, asubuhi nimeoga, na marashi nimejipulizia hadi koo likawasha. Akalipiga pasi kidogo pale kwapani, akanipa ninuse. Sikubisha tena.

Watu wa pwani tuna imani hii kwamba harufu nzuri hufukuza mbaya. Udi naupenda, asumini naipenda, lakini ukivifukiza juu ya kikwapa unapata harufu ya tatu isiyo na jina.

Jasho lenyewe halinuki. Kwapani kuna tezi zinazoanza kazi mtu anapobalehe. Zinatoa jasho zito lenye mafuta na protini, bakteria wa kwenye ngozi wanalila, na mabaki yao ndiyo hayo tunayonusa. Ndiyo maana mtoto wa miaka mitano hucheza juani kutwa asinuke kikwapa, ila kaka yake wa darasa la saba akirudi, fungueni madirisha. Kwa hiyo anayenuka si lazima awe mchafu. Ila kupitisha povu kwapani na kukimbilia mgongo nako si kuoga: sugua kwa sabuni, suuza, kausha, punguza vinyweleo.

Mazungumzo yetu huishia hapo kwenye ngozi, nguo tunaisahau. Poliesta hung'ang'ania harufu ya jasho kuliko pamba, na mashati yetu mangapi ya mitumba, jezi ndiyo usiseme, ni poliesta? Tunafikicha kola, kwapa tunaliacha. Shangazi aliligeuza shati ndani nje, akaloweka makwapa nusu saa kwenye maji yenye siki, akafikicha kwa sabuni ya mche, akalianika juani vilevile limegeuzwa. (Siki usiichanganye na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, mvuke wake ni sumu.) Lile likapona. Jingine nililolikuta nyumbani halikupona, sasa ni tambara la kufutia baiskeli.

Shabu ya sokoni, lile jiwe jeupe la kupaka kwapani, sina ugomvi nayo. Ni chumvi ya alumini, ndugu na zile zilizomo kwenye dawa za dukani za kuzuia jasho. Deodoranti ya kawaida hupunguza bakteria na kuongeza manukato, jasho linaendelea kutoka. Ukitaka lipungue, tafuta chupa iliyotaja alumini kwenye viambato, ujipake usiku, kwapa likiwa kavu. Wengi tunajipaka asubuhi tumetoka bafuni, bado wabichi, kisha tunasema dawa ni feki. Na ndimu kwenye kwapa lililonyolewa leo, jaribu uone utakavyoimba.

Jasho linalolowesha shuka usiku, pamoja na kikohozi na kukonda, hilo si la siki wala shabu. Nenda ukapimwe kifua kikuu.

Kinachoniudhi kuliko kikwapa ni sisi tunaonusa. Ofisini tulikuwa na mwenzetu. Watu walifungua madirisha, wakanunua dawa ya kupulizia hewani, wakamtungia jina. Miezi ikapita, hakuna aliyemwambia, na mimi nilikuwemo. Niliporudi kutoka Tanga nikamwita nje, nikamsimulia habari ya shati langu na ile pasi. Alicheka sana. Kisha akanyamaza, akajitazama begani, akaniuliza taratibu:

"Siki yenyewe ni ile nyeupe, au ya kahawia?"

"Nyeupe," nikamwambia.