Bunduki inalisha huku, inalisha na kwetu

Jirani yangu hapa Liège, Ubelgiji, analima nyanya nyuma ya nyumba, na kila Agosti ananigongea mlango na bakuli limejaa. Mzee mpole kabisa. Zaidi ya miaka thelathini alifanya kazi Herstal, hapo pembeni ya mji, kwenye kiwanda cha silaha kilichoanzishwa 1889, ambacho leo ni mali ya serikali ya mkoa wa Wallonie. Bunduki zimemjengea nyumba, zimemsomeshea watoto, sasa zinamlipa pensheni. Nyanya zake nazila, sina la kumlaumu.

Ila nikizila namkumbuka mtoto wa mama mdogo, anayeniita yaya, yaani mkubwa wake, kule Kadutu, Bukavu, mashariki ya Kongo. Huyo alikuwa kadogo, askari mtoto: 1996 wapiganaji walimbeba akiwa na miaka 13. 2005 akarudisha silaha. Aliahidiwa dola 25 kwa mwezi, mwaka mzima, pamoja na vyombo vya useremala: msumeno, randa, nyundo, misumari. Pesa zilikuja kwa kuchelewa, vipande vipande. Ile randa ilikaa miezi minane juu ya kabati, imefungwa katika gazeti. Mbao ghali, umeme ukija unakuja usiku wa manane, na nani anunue kiti wakati kila mtu anauza vyake? Mwishowe aliiuza sokoni, akarudi na unga na sambaza, vile visamaki vya ziwani. Mwaka uliofuata alikuwa kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani, njia ya Walungu, anatoza mama zetu waliobeba mihogo.

Nikisimulia hayo huku, watu wanatikisa kichwa, eti Afrika na vita vyake. Mimi naona watu wawili wanaokula sahani moja. Mmoja anaiunda bunduki, ana sendika, chama cha kumtetea kazini, na likizo ya kulipwa. Mwingine anaishika, hana hata viatu.

Hoja ya kupunguza silaha ili pesa ziende kwenye maendeleo ni ya zamani. 1978 Ufaransa ilipendekeza Umoja wa Mataifa uanzishe mfuko wa kazi hiyo. 1987 mataifa yakakutana New York kwa jambo hilohilo, Marekani ikagoma kuja, na mfuko haukuzaliwa. Mimi nampenda zaidi Inga Thorsson, mama wa Sweden aliyeongoza ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 1981, kwa sababu hakuishia kwenye hesabu ya pesa. Alitaka serikali zijiandae mapema kuhamisha viwanda vya silaha na wafanyakazi wake kwenye kazi za raia.

Na huku wanajua kufanya hivyo wakitaka! Tanuri za chuma za Seraing, hapa jirani na Liège, zilipozimwa, watu walilipwa, wengine wakafundishwa kazi mpya, wazee wakapumzishwa mapema. Yalikuwepo maandamano na machozi, ndiyo. Lakini hakuna aliyempa mfua chuma randa moja akamwambia kwaheri.

Sasa upepo umegeuka. 2024 dunia ilitumia dola trilioni 2.7 kwa majeshi, wakati misaada ya nchi tajiri ilishuka hadi karibu bilioni 212. Juni 2025 wakubwa wa NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, wakaahidi kufikisha asilimia 5 ya pato la nchi zao kwa ulinzi ifikapo 2035. Jirani yangu anafurahi, mjukuu wake naye ameanza kazi kiwandani. Na Bukavu, tangu waasi wa M23 waingie Februari 2025, benki zilifungwa, na vijana walioshika jembe jana wanahesabu tena nani ana bunduki mtaani.

Wiki iliyopita nilimtumia huyo mdogo wangu wa Kadutu pesa kidogo kwa simu, anunue randa nyingine. Tukaongea sana, nikamweleza habari za mzee wa nyanya na kiwanda chake. Alinyamaza kidogo, kisha akanirudishia sauti:

“Yaya, hapo kwenye kiwanda, uliza basi. Wanapokea watu?”