Ukanda hauishi kwa kubadilisha mwenyekiti

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anasema Tundu Lissu wa Singida kumshinda Freeman Mbowe wa Hai, Kilimanjaro, kwenye uchaguzi wa mwenyekiti wa CHADEMA Januari 2025 kumeizika kabisa ile hoja kwamba chama hicho cha upinzani ni cha Wachaga, watu wa Kilimanjaro. Sikubaliani naye. Hoja hiyo ilikuwa dhaifu tangu zamani: mwenyekiti wa kwanza, Edwin Mtei wa Marangu, Kilimanjaro, alipoachia uenyekiti 1998, kiti kilikwenda kwa Bob Makani wa Shinyanga, na sheria ya vyama vya siasa ya 1992 haikipi chama usajili wa kudumu bila wanachama kutoka angalau mikoa 10, Unguja na Pemba zikiwemo. Lakini ukanda wenyewe, yaani kumpima mtu kwa eneo anakotoka, hauishi kwenye kiti cha taifa. Njooni huku Moshi wakati wa kura za maoni, za chama chochote kile. Vijiweni pale Mbuyuni, kahawa haijapoa, swali la kwanza ni mgombea ni wa Machame, Kibosho au Uru. Maji na barabara baadaye sana. Nimeona kijana mchapakazi jina lake likikatwa kwa sababu tu babu yake hana kihamba, yaani shamba la ukoo, kwenye kata ile. Inauma mno. Ndugu zangu wa Mbeya na Mtwara, kwenu wajumbe wanauliza nini kwanza?