Leza ya meno ni nzuri, lakini Dodoma tuna pa kuanzia

Leo akijitokeza mfadhili anayetaka kuleta Dodoma mashine ya leza, ule mwanga mkali, ya kukinga meno yasioze, mimi ningemwomba hizo fedha azipeleke kwanza kwenye shule za msingi za Chamwino, Bahi na Kongwa.

Siyo kwamba leza ni uongo. Huku Marekani ninakoishi daktari wangu wa meno alinieleza, na inaingia akilini. Enameli, lile gamba gumu la jino, karibu asilimia 96 ni madini. Ndani yake mna kaboneti, na hiyo ndiyo inayolifanya jino liyeyuke upesi asidi ya bakteria inapolishambulia. Leza ya kaboni dayoksaidi, yenye mawimbi ya mwanga ya urefu wa mikroni 9.3 au 9.6, inalipasha moto tabaka la juu kabisa kufumba na kufumbua, kaboneti inatoka, na kinachobaki kinaistahimili asidi. Ukipaka na floridi, madini yanayoimarisha jino, kinga inaongezeka. Utafiti ulianza miaka ya 1960, lakini hata huku bado si huduma ya kawaida. Mashine ni ghali, na asiye na bima ya meno anaugulia nyumbani kama kwetu tu.

Ninachowaonea wivu watu wa huku ni kwamba mtoto anapelekwa kwa daktari wa meno hali haumwi chochote. Sisi tunasubiri shavu livimbe. Tunasukutua maji ya chumvi, tunabana karafuu, usiku hakulaliki, na tukifika hospitali tunaomba jino ling'olewe. Na mtoto huyo kutwa anamung'unya ubuyu wa rangi: mbegu moja shavuni mpaka sukari iishe, kisha nyingine. Ubuyu una asidi yake, sukari iko juu, jino halipumziki. Sisemi tuuache, ubuyu ni wetu. Apewe baada ya chakula, anywe na maji, yaishe.

Halafu tuna la kujivunia ambalo wengi hawalijui. Kuziba jino bila umeme, daktari akikwangua palipooza kwa vifaa vya mkono na kujaza saruji maalumu inayotoa floridi, kulianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Shirika la Afya Duniani likaipigia debe njia hiyo mwaka 1994. Mwaka 2021 saruji hiyo na dawa ya mswaki yenye floridi zikaingia kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Mwalimu, darasa, meza na mtaalamu mmoja vinatosha kuanzia.

Ndugu zetu wa Singida wao wana habari nyingine. Huku Marekani sehemu nyingi floridi inaongezwa kwenye maji, kiwango kinachoshauriwa kikiwa miligramu 0.7 kwa lita. Kule floridi ya visima vingine inapita 1.5, kikomo cha Shirika la Afya Duniani, na watoto wanaota meno yenye madoa ya kahawia. Kwao kazi ya kwanza ni kupima kisima.