Hoki ya Kanada: kijana anaponyamaza, nani amemfunga mdomo?

Julai 24, 2025, katika mahakama ya mji wa London, jimbo la Ontario, Jaji Maria Carroccia aliwaachia huru wachezaji 5 wa hoki ya barafuni waliokuwa katika timu ya taifa ya vijana ya Kanada mwaka 2018. Walishtakiwa kwamba walimshambulia kingono mwanamke mmoja katika hoteli mjini humo, baada ya hafla ya kuipongeza timu kwa kutwaa ubingwa wa dunia. Jaji alisema ushahidi wa mlalamikaji haukuwa wa kuaminika. Tangu siku hiyo wapo wanaosema kwamba kelele zote zilizopigwa kuanzia 2022 kuhusu uoza katika hoki zilikuwa za kuwasingizia watu.

Katika jambo moja nakubaliana nao kabisa. Vijana wale wameshinda kesi, na hakuna mwenye haki ya kuendelea kuwaita wahalifu. Lakini kilichoitikisa hoki mwaka 2022 hakikuwa tukio la hotelini peke yake. Kulikuwa na suala la pili ambalo halikufika mbele ya jaji huyo: shirikisho lilivyotumia fedha za wazazi.

Mei 2022 iliripotiwa kwamba Hockey Canada, chombo kinachosimamia mchezo huo nchini, kilikuwa kimemalizana kimyakimya na mwanamke huyo baada ya yeye kufungua madai. Miezi miwili baadaye wabunge wakaambiwa habari za mfuko uitwao National Equity Fund, ambao sehemu ya fedha zake ilitoka katika ada za usajili ambazo wazazi huwalipia watoto wao. Tangu 1989 mfuko huo ulikuwa umelipa dola milioni 7.6 katika madai 9 ya unyanyasaji wa kingono, mbali na lile la 2018. Kati ya hizo, dola milioni 6.8 zilitokana na matendo ya mtu mmoja, kocha Graham James.

Tuutendee haki mfuko wenyewe. Thomas Cromwell, jaji mstaafu wa Mahakama ya Juu ya Kanada aliyepewa kazi ya kuchunguza uongozi wa shirikisho, alisema kuwa na akiba kwa ajili ya madai ambayo bima haiyagusi ni busara, na kutokuwa nayo lingekuwa kosa. Alichokikosoa ni usiri. Nami naona hivyo. Walioumizwa wanastahili kulipwa, na fedha lazima zitoke mahali fulani. Mzazi aliyelipa ada akidhani ananunua muda wa kucheza barafuni na jezi alipaswa kuambiwa sehemu nyingine ya fedha yake inakwenda wapi. Tim Hortons, Canadian Tire na wadhamini wengine walijitoa, na kufikia Oktoba 2022 mtendaji mkuu na bodi nzima walikuwa wameondoka.

Hesabu ile ya 6.8 kati ya 7.6 ndiyo ninayorudi kuitazama kila mara. Karibu senti 90 za kila dola zililipwa kwa sababu ya mtu mmoja. Anayeitetea hoki anaweza kuishika takwimu hiyo kwa mikono miwili: unaona, alikuwa samaki mmoja aliyeoza, msiwahukumu wengine wote. Ni hoja yenye uzito, na anayeipuuza hajafikiri vya kutosha.

Mwangalie basi samaki huyo na mahali alipoogelea. James alikuwa kocha wa Swift Current Broncos, timu ya vijana katika mji mdogo wa Saskatchewan. Mwaka 1989 timu yake ilichukua Memorial Cup, kombe kubwa kuliko yote katika hoki ya vijana nchini, na gazeti la The Hockey News likamtangaza mtu wa mwaka. Miaka minane baadaye, Januari 1997, alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu kwa kuwadhalilisha kingono wachezaji wake wawili. Mmoja wao, Sheldon Kennedy, alijitokeza hadharani kwa jina lake. Alitokea Elkhorn, kijiji cha wakulima huko Manitoba, na James alimwona na kumchukua akiwa na miaka 14 tu. Kwa maelezo ya Kennedy mwenyewe, alitakiwa kwenda nyumbani kwa kocha kila Jumanne na Alhamisi.

Jumanne na Alhamisi, wiki baada ya wiki, kwa miaka. Jambo lenye ratiba halifanyiki gizani. Katika mji ambao timu ya hoki ndiyo fahari yake, wapo waliomwona kijana akiondoka jioni, wapo waliojua anakokwenda, na wapo waliomngoja arudi. Sisemi wote walijua kinachotendeka ndani. Nasema mtu mmoja hawezi kudumu hivyo mpaka awe na watu wengi waliozoea kutouliza. Madhara yaliyogharimu milioni 6.8 hayakupita katika mikono ya kocha peke yake.

Swali linaloniudhi ni lile linaloulizwa kila mara: mbona hawakusema? Linaulizwa kana kwamba kijana alikuwa na pa kwenda. Mfumo wenyewe ni huu: akiwa na miaka 15 au 16 anachaguliwa na klabu ya ligi kuu ya vijana, pengine mamia ya kilomita kutoka kwao. Anahamia kwa familia iliyokubali kumlaza na kumlisha. Kocha ndiye anayeamua nani aingie barafuni na nani akae benchi, na maskauti wa ligi ya kulipwa ya NHL wakitaka kujua tabia ya kijana, wanamuuliza kocha huyohuyo. Nyumbani wazazi wameshatumia akiba yao kumfikisha hapo. Kunyamaza kwa kijana wa namna hiyo si woga. Amepiga hesabu, na hesabu yake iko sahihi.

Akim Aliu alionyesha gharama ya kufanya kinyume. Alizaliwa Okene, Nigeria, akakulia Ukraine, kisha Kanada. Mwaka 2005, akiwa na miaka 16 katika timu ya Windsor Spitfires, aligoma kuvua nguo zote na kubanwa na wageni wenzake ndani ya choo cha basi la timu, desturi ya kuwakaribisha wapya. Baadaye, mazoezini, mchezaji mwenzake alimpiga kwa fimbo usoni akamvunja meno. Kwa miaka mingi baada ya hapo Aliu ndiye aliyebandikwa sifa ya mkorofi.

Watu wa mbali hudhani ubaya wa hoki ni ngumi zinazorushwa uwanjani. Hizo angalau zinapigwa mbele ya refa na mashabiki, na adhabu yake ni dakika tano nje. Kinachotisha ni kisichoonekana uwanjani. Mwaka 2010 Kyle Beach, kijana wa miaka 20 wa Chicago Blackhawks, timu ya NHL, alieleza kwamba Brad Aldrich, mmoja wa wasaidizi wa makocha, amemshambulia kingono. Viongozi walikutana Mei 23, katikati ya mechi za mtoano, kisha wakaliweka kando suala hilo mpaka kombe la Stanley, la ubingwa wa NHL, lilipopatikana Juni 9. Aldrich aliondoka kimya, jina lake likachorwa kwenye kombe, na baadaye akapatikana na hatia ya kumdhalilisha mwanafunzi huko Michigan. Mwaka 2021, baada ya uchunguzi kuanika yote, jina hilo lilifutwa kwa kugongwa herufi X juu yake. Mwanafunzi yule wa Michigan ndiye aliyelipia wiki zile za kusubiri kombe.

Wanaoipenda hoki wana ushahidi wao pia, na ni wa kweli. Aprili 2018 basi la timu ya vijana ya Humboldt Broncos lilipogongana na lori huko Saskatchewan na watu 16 wakafa, Wakanada kote nchini waliweka fimbo za hoki nje ya milango yao usiku, taa zikiwashwa. Nairobi nako, vijana wa Kenya Ice Lions wamejifunza mchezo huu kwenye uwanja mdogo wa barafu wa Panari, na mwaka 2024 Kenya ikaingia katika shirikisho la dunia. Udugu wa hoki upo. Ila ni udugu huohuo unaomwambia kijana kwamba akisema, amewasaliti ndugu zake.

Mwaka 2020 wachezaji wa zamani walijaribu kuzishtaki ligi kuu za vijana na klabu zao zote 60 kwa pamoja kwa mateso waliyofanyiwa wakiwa wapya. Februari 2023 jaji wa Ontario, ambaye hakuficha kuwa mambo waliyoyaeleza ni ya kutisha, alikataa kesi isiende kwa mfumo huo. Kisheria huenda ana hoja: kila klabu na yaliyotendeka kwake. Lakini maana yake ni kwamba kila mmoja arudi peke yake kukabiliana na klabu yake, na upweke ndio uliomnyamazisha tangu mwanzo.

Tangu 2022 kumewekwa chombo huru cha kupokea malalamiko nje ya mashirikisho ya michezo, na Aprili 2025 kazi hiyo ikahamishiwa chini ya kituo cha taifa cha maadili ya michezo. Ni hatua kubwa. Ila mamlaka yake hasa yapo ngazi ya taifa, na watoto wengi wanachezea klabu za mtaani na za majimbo. Mzazi kutoka Mombasa au Bukavu anayemsajili mtoto wake leo huko Edmonton aulize kwanza, kabla ya bei ya viatu vya barafu: mtoto akiumizwa na kocha, taarifa inapokewa na nani asiyelipwa na klabu?