Kwani nani kajifungua?

Mwezi wa tatu mama mdogo wangu alitolewa kizazi pale Moshi, uvimbe ulikua umemtesa miaka mingi, kila mwezi damu inamtoka mpaka akipanda mlima kutoka shambani anakaa chini njiani kupumzika mara mbili mara tatu. Alivyoruhusiwa nikampigia wifi yangu ambaye anaishi naye kihamba kimoja, yaani shamba la ukoo lenye nyumba ndani, huko Kibosho, nikamwambia wifi nakutumia hela, naomba umtafutie mama mdogo nyama ya mfupa na ndizi mshare umpikie mtori walau wiki hizi mbili tatu. Wifi akanyamaza kidogo, afu akaniuliza kwa upole kabisa wala hana ubaya wowote, "Mtori tena wifi? Kwani nani kajifungua?"

Hilo swali limenikaa kichwani toka siku ile. Wifi yangu ni mtu mwema sana, yeye ndiye aliyelala na mama mdogo hospitali, yeye ndiye aliyekua anabeba chakula kwenye hotipoti kila siku na kupanda daladala kushuka mjini. Ila kwake yeye, na kwa kweli kwa wengi wetu tuliokulia mlimani, mtori ni chakula cha mzazi. Mwanamke asiyerudi na mtoto nyumbani anapikiwa ugali na mboga kama watu wengine, na wiki ya tatu anaulizwa mbona majani ya ng'ombe hayajakatwa.

Mimi naishi Leeds, Uingereza, toka 2016. Nimelala kitandani huku na nimelala kitandani kule, ndio maana naona naweza kuongea. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa Moshi 2013, na mwaka 2021 nikafanyiwa operesheni huku, ugonjwa ule ule wa mama mdogo, uvimbe kwenye kizazi, ila mimi walitoa uvimbe wakaacha kizazi.

Nianze na Moshi. Nilivyotoka hospitali na mtoto nilipelekwa kwa mama mkwe na nikakuta mambo yameshapangwa, mbuzi kashanunuliwa, ndizi zimeshakatwa mgombani, kuni zimepangwa ukutani. Asubuhi mtori, ule wa kweli, ndizi zimemenywa mpaka mikono ya aliyemenya imekua myeusi kwa utomvu, zimechemshwa na nyama ya mfupa mpaka nyama inaachia yenyewe, afu zinapondwa na mwiko zinakua laini kabisa unakunywa kwenye kikombe. Saa nne uji wa ulezi na maziwa. Mchana supu na kiburu, zile ndizi zilizopikwa na maharage. Jioni mtori tena ukikataa mama mkwe anakaa pembeni ya kitanda anakuangalia tu mpaka unywe. Sikushika jembe, sikuchota maji, sikuinua ndoo, hata nepi za mtoto nilikua nazikuta zimeanikwa. Nilikaa hivyo karibu miezi mitatu. Bibi yangu alikua anasimulia kwamba enzi zao mzazi akimaliza miezi yake mitatu ndani alikua anapambwa anapelekwa sokoni, wanawake wanamwimbia nyimbo kama za shujaa aliyetoka vitani. Ukifikiria vizuri walikua na akili sana wale watu, walijua mwili uliotoa damu umetoka vitani kweli.

Sio kila kitu nakubaliana nacho. Mbege anayopewa mzazi eti ilete maziwa mimi naona iachwe, ni pombe na inaingia kwenye maziwa ya mtoto, kilicho kizuri mle ni ulezi na ulezi unaupata kwenye uji bila kulewesha mtu. Na mlaso, kile chakula cha damu ya mnyama, damu ina madini ya chuma ndio na mwili wa mwanamke unayapokea vizuri, ila iive, ichemke, sio ile ya kumiminiwa ikiwa bado mbichi. Nilimwambia mama mkwe hivyo na hakununa.

Sasa Leeds. Nilienda kwa daktari kwa sababu nilikua nashindwa kupanda ngazi za nyumba yangu mwenyewe, moyo unadunda kama nimekimbizwa. Wakapima damu wakaniambia 78. Nikashangaa, 78 mbona nyingi, kumbe huku wanahesabu gramu kwa lita, nyumbani ni kwa desilita, kwa hiyo kwa hesabu ya nyumbani ni 7.8, na mwanamke ambaye hana mimba akishuka chini ya 12 anahesabiwa ana upungufu wa damu. Kwa kweli walinihudumia vizuri mno, walinipa vidonge vya chuma, baadaye dripu ya chuma, operesheni yenyewe sikulipa hata senti mlangoni, na nikarudi nyumbani na kijitabu kinachoniambia wiki sita nisibebe kitu kizito, hata birika likijaa maji nisiliinue. Kazini nikapeleka karatasi ya daktari na hakuna aliyeniuliza mbona siji. Hii nawaambia wazi, hiyo heshima ya kumwachia mwanamke mgonjwa muda wa kupona, kwa maandishi, sisi wa shambani kule nyumbani hatuna, labda awe amezaa.

Lakini chakula jamani. Siku ya kwanza baada ya operesheni nililetewa sandwichi ya baridi iliyofungwa kwenye plastiki, na jeli nyekundu inatikisika. Sijasema wamenionea, kila mgonjwa alikula hivyo na wenzangu walishukuru, wamezoea. Mimi nilishika ile sandwichi nikaanza kulia, nesi akadhani nasikia maumivu akaniongezea dawa. Nyumbani mume wangu anafanya kazi ghala la usiku, anarudi alfajiri anapika wali na mayai anapeleka watoto shule afu analala. Nilikua na kijitabu kizuri kimeandikwa kula protini, kula mboga za majani, kunywa maji, ila hamna mtu wa kusimama jikoni. Kijitabu hakimenyi ndizi. Jirani yangu mmoja Mnaijeria ndio aliniokoa, alikuja na sufuria ya supu ya pilipili ya mbuzi bila hata kuulizwa, akasema kwao mwanamke aliyekatwa tumbo hapewi chakula baridi. Niliinywa siku mbili. Baadaye nilivyoweza kutembea nikawa naenda soko la Kirkgate natafuta ndizi mbichi, sio mshare lakini zinapondeka, na nyama ya mfupa, nikajipikia mtori mwenyewe huku nimeshika meza na mkono mmoja.

Kitu ambacho huku kilinifundisha na sikuwahi kukisikia kwetu ni habari ya chai. Sisi wa mlimani chai ni kama maji, asubuhi chai, mchana baada ya kula chai, mgeni akija chai, mgonjwa chai. Mfamasia akanikalisha akaniambia kidonge cha chuma usimeze na chai wala maziwa, meza na maji ya chungwa, na chai ikae mbali na chakula, saa nzima au zaidi, kwa sababu kuna kitu kwenye majani ya chai kinashika yale madini yanapita tumboni bila kuingia mwilini. Yaani miaka yote ile mama zetu wanakula mnafu na maharage, vyakula vyenye chuma kabisa, afu wanamalizia na kikombe kikubwa cha chai. Chuma cha nyama kinaingia kirahisi, cha mboga na maharage kinahitaji msaada, na msaada ni limao au chungwa au nyanya au pera, vitu ambavyo Moshi vinaozea chini ya miti. Maharage yakilowekwa usiku kucha maji yakamwagwa napo inasaidia. Hata ule mtori wetu niliousifia, ndizi zenyewe hazina chuma cha maana, zinatia nguvu na zinalainisha, kazi ya damu inafanywa na nyama. Kwa hiyo mtori wa maji na mfupa mweupe usio na nyama, ambao ndio mara nyingi unamfikia mwanamke baada ya wanaume kuchukua minofu, sio mtori wa kuponya mtu.

Jambo lingine lilinichanganya. Nilipata mimba ya pili hukuhuku kabla ya huu ugonjwa, mkunga akanikataza maini kabisa, anasema yana vitamini A nyingi inaweza kumdhuru mtoto tumboni, wakati Moshi mimba ya kwanza niliambiwa kula maini damu ipande. Nikaona kumbe kila mahali wanamwangalia mwanamke aliye mbele yao, huku watu wana vitamini A ya kutosha wanaogopa izidi, kule wanaogopa damu isipungue. Na jua pia. Huku watu weusi tunashauriwa kumeza vitamini D maikrogramu 10 kila siku mwaka mzima kwa sababu jua halitoshi ngozi yetu, kitu ambacho mama mdogo ukimwambia anacheka, anaota jua kila asubuhi akichambua maharage.

Turudi kwa mama mdogo maana ndiye aliyenifanya niandike. Utafiti wa afya wa Tanzania wa 2015 hadi 2016 ulikuta karibu wanawake 45 kati ya 100, wenye umri wa miaka 15 mpaka 49, wana upungufu wa damu. Karibu nusu. Hao wote sio wazazi wa juzi, ni wanawake wanaotoka damu nyingi kila mwezi na wanadhani ni kawaida, wanawake wenye uvimbe, wenye malaria za kujirudia, wengine wametoka tu kuuguza mtu na hawajala vizuri mwezi mzima. Hao nani anawachinjia mbuzi? Hospitali zetu nyingi chakula ni ndugu wanaleta, na hilo mimi naona lina uzuri wake kwa sababu kinakuja cha moto kimepikwa na mtu anayekujua, ila mwanamke ambaye yeye mwenyewe ndiye mpishi wa ile nyumba akilazwa nani anampikia? Mama mdogo miaka ishirini ameuguza wakwe, mume, wajukuu, wote walipikiwa supu na yeye. Zamu yake ilivyofika chungu kikawa hakijui njia.

Na mezani tunajua ilivyo. Nyama inapakuliwa baba kwanza, wageni, watoto wa kiume, mama anabaki anapangusa mchuzi na ugali jikoni amekaa kwenye kigoda na tunasema mama hapendi nyama. Anapenda! Sijawahi kuona mwanamke wa Kibosho asiyependa nyama siku ya mbuzi wa mzazi.

Najua nitajibiwa nyama ni ghali na wewe uko Ulaya unatuma hela ndio maana unaongea. Ni kweli natuma. Ila yai la kuku wa nyumbani linauzwa mjini wakati mgonjwa yuko ndani, dagaa zipo Mbuyuni kila siku, maziwa ya ng'ombe yanapelekwa dukani yote, parachichi wanapewa nguruwe. Unga tunasaga mashine ya mtaani, kwa hiyo hata vile virutubishi vinavyowekwa kwenye unga wa viwandani havitufikii, basi angalau kilichopo shambani kimfikie aliyelala. Na kumwachia mtu wiki sita asikate majani haihitaji hela ya kutoka Leeds, inahitaji kijana wa nyumba ashike panga.

Wifi nilimjibu hivyo hivyo siku ile, nikamwambia hajajifungua mtu, ila mama mdogo amepasuliwa tumbo na amemwaga damu miaka, mpikie kama mzazi. Akasema sawa wifi nimekuelewa. Wiki iliyofuata akanitumia picha, mama mdogo amekaa kitandani amejifunga khanga, kikombe cha mtori mkononi, na nyuma yake mtoto wa wifi ameegemea mlango na mzigo wa majani kichwani. Juzi wamempima tena, alitoka 8.1 sasa ana 10.4, bado haijafika lakini anapanda kutoka barabarani mpaka nyumbani bila kukaa. Dawa anameza na chungwa, maharage yanalowekwa, na mnafu unakamuliwa limao. Chai tu ndio tumepigana sana kwenye simu, mwisho amekubali kuisogeza mpaka saa kumi jioni, anasema zaidi ya hapo nisimwambie, saa kumi na moja ni mbali.