Siku ya 46: afya ya akili ndani ya somo la Hisabati

Mwalimu wa Hisabati hapa Kigoma anaweza kutunga swali hili bila kutoka jasho: mama anauza dagaa Kibirizi, ziwa limefungwa kwa uvuvi, ana akiba ya shilingi 180,000 na matumizi ya nyumbani ni shilingi 4,000 kwa siku. Akiba itaisha baada ya siku ngapi? Jibu ni 45. Watoto wataandika, mwalimu atatia vema, kengele italia. Lakini mwaka 2024 Ziwa Tanganyika upande wetu lilipumzishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, miezi mitatu kamili. Mtoto ambaye mama yake ndiye huyo wa kwenye swali anajua vizuri siku ya 46 ilikuwaje.

Mwalimu afanye nini na siku ya 46? Huo ndio mjadala wote wa kuingiza afya ya akili katika kila somo, ukiuvua maneno ya semina.

Wanaotaka ipenyezwe kwenye masomo yote, isiwe somo la peke yake, wana hoja nzito, na kwa sehemu kubwa niko upande wao. Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na kwamba theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya miaka 14. Huo ni umri wa shule ya msingi na kidato cha kwanza. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, iko mjini. Mtoto wa Kakonko au wa kijiji cha ndani huko Uvinza hafiki huko kwa sababu ya kukosa usingizi. Mwalimu wake yupo kila siku.

Kuna na aibu. Weka kipindi kwenye ratiba kiitwe Afya ya Akili uone: kabla mwalimu hajafuta ubao kuna mtoto ameshaambiwa apelekwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Jambo hilohilo likija ndani ya ufahamu wa Kiswahili, kwenye hadithi ya kijana aliyeacha kula tangu baba yake aondoke, halimnyooshei mtu kidole. Kiswahili kinampa mtoto pia kitu ambacho kliniki itakihitaji baadaye, yaani maneno. Wengi wanaingia shuleni na Kiha cha nyumbani. Neno sonona, yaani huzuni nzito inayogeuka ugonjwa, hata walimu wengi hawalitumii, na mtoto anayeumwa moyoni hubaki kusema kichwa kinamuuma. Anapewa panadoli.

Upande wa pili nao hausemi ovyo. Tumeshapita njia hii. UKIMWI ulikuwa suala mtambuka, mazingira, jinsia, rushwa vilevile, na kila kimoja kiliombewa nafasi ndani ya kila somo. Walimu wanajua kilichotokea: mstari mmoja uliongezwa kwenye andalio la somo, mthibiti ubora wa shule akaukuta, akaridhika, na mtoto hakusikia kitu. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, umeshamletea mwalimu vitabu vipya na upimaji wa darasani usiokwisha. Ukimwongezea kazi bila kumpunguzia nyingine, ataifanya kwenye karatasi.

Na umahiri, ambao mtaala huo umejengwa juu yake, nao unaleta mtego. Mtaala wa aina hii unauliza mwanafunzi anaweza kutenda nini, kisha unampima. Utampimaje huzuni? Nikisikia mtoto amepewa alama ya chini katika kudhibiti hisia, nitajua tumepotea. Kinachoweza kupimwa kwa haki ni kidogo zaidi: je, anaweza kutaja watu wawili wa kuwaendea akizidiwa? Anaweza kumsikiliza mwenzake bila kumcheka wala kutangaza siri yake? Hayo ni matendo, na yanafundishika. Yaliyo ndani ya kifua chake si mali ya daftari la alama.

Hapa niseme lisilopendwa. Kanuni za elimu bado zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Hivyo ndivyo kanuni inavyosema; yanayofanyika kweli kila mwanafunzi anayajua. Mwalimu aliyechapa darasa zima saa mbili asubuhi hawezi saa nne kuwaambia watoto wamweleze yanayowasumbua. Hakuna andalio la somo litakaloziba ufa huo.

Ila hofu yangu kubwa ni nyingine. Ukimfungua mtoto, anafunguka. Tangu Waraka wa Elimu Namba 11 wa mwaka 2002 shule zinatakiwa kuwa na huduma ya ushauri na unasihi, na shule nyingi zina mwalimu anayeitwa hivyo. Mara nyingi ni mwalimu yuleyule mwenye vipindi vingi, asiye na chumba, anayemnasihi mtoto chini ya mwembe wenzake wakipita na ndoo. Kupenyeza afya ya akili kwenye kila somo bila kumpunguzia huyu vipindi na kumpa chumba chenye mlango ni kupeleka wagonjwa kwenye zahanati isiyo na mganga. Mimi ningeanza naye, hata kama masomo mengine yangesubiri mwaka.

Nikirudi kwenye dagaa: mwalimu asiishie 45. Aulize familia hii ingefanya nini siku ya 46, na majibu yatoke kwa makundi, yamhusu mama wa kwenye swali na si mama wa mtu yeyote darasani. Watakuja na kibarua, na kikoba, na shangazi wa Kasulu. Atakayenyamaza asilazimishwe kusema mbele ya wenzake. Mwalimu aandike jina lake pembeni, na kabla ya uji wa saa nne mwalimu wa unasihi awe amelipata.